KUNG'ARISHA SAKAFU NI UFUNDI, SI KIBARUA



Wako waajiri ambao siku hizi hawataki tena sakafu ya rangi wala ya vigae katika viwanda na maghala yao. Wanataka zege lenyewe lisagwe na kung'arishwa mpaka lioneshe taa za juu kama maji ya kisima. Hatuna ugomvi na sakafu hiyo. Haibanduki, inafagiliwa upesi, na mama anayepiga deki hapigi tena magoti na brashi na nta nyekundu.

Ugomvi wetu ni juu ya yule anayeing'arisha. Kontrakta huja na mashine na fundi wake mmoja, kisha huokota vibarua papo hapo, wapagazi na wafagiaji, akawaambia: "Sukuma hii." Kazi ikiisha huondoka na mashine na ujuzi wake. Kibarua hubaki na ujira wa siku chache na vumbi kifuani. Ukiuliza kwa nini hakufundishwa, utajibiwa kwamba kusukuma mashine hakuhitaji elimu.

Jibu hilo si la kweli. Zege jipya kwa kawaida huachwa kama siku 28 likomae kabla ya kusagwa. Kisha fundi hulipima ugumu kwa kulikwaruza, maana meno ya mashine huchaguliwa kwa kipimo hicho. Meno hayo ni chembe za almasi zilizoshikwa na madini. Zege laini linataka madini magumu, kwa sababu mchanga wake huyala upesi. Zege gumu linataka madini laini, ili yalike na kutoa almasi mpya. Asiyefundishwa hufanya kinyume, akateketeza meno ya bei kubwa kwa siku moja, na lawama ni zake.

Halafu huja hatua za msasa: namba 40, 80, 150, kisha meno ya plastiki ngumu 100, 200, 400, 800 na kuendelea. Kila hatua hufuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Ukiruka kutoka 40 hadi 200 ili umfurahishe msimamizi mwenye haraka, mikwaruzo haitaonekana siku hiyo. Itaonekana sakafu ikishaanza kung'aa, na hapo dawa ni kurudi mwanzo. Katikati humwagwa dawa ya silikati, ambayo huungana na chokaa iliyomo ndani ya zege na kulifanya gumu zaidi. Wale waliowahi kusaga terazo mjini wanayajua mengi ya haya, na wao ndio walimu wa kwanza tunaopaswa kuwatafuta, kabla ya kumwita mtaalamu wa mbali.

Sasa tuseme juu ya vumbi. Mchanga na kokoto za zege zina silika, na zege likisagwa kavu silika hiyo hupaa hewani ikiwa vumbi jembamba ambalo jicho halilioni. Likiingia kwenye mapafu halitoki. Huleta makovu, pumzi hukatika, na kifua kikuu humpata mgonjwa huyo kwa urahisi kuliko wengine. Ugonjwa huu wa silikosisi hauna dawa ya kuuponya. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya namna hii katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Marekani mwaka 2016 ilitunga kanuni kwamba mfanyakazi asivute zaidi ya mikrogramu 50 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi hilo.

Kinga ni maji yanayomiminika penye meno, au mashine yenye mfuko wa kunyonya vumbi na chujio la hali ya juu. Hata maji yana masharti yake. Tope lake linachoma ngozi, na likikauka bila kuzolewa hurudi kuwa vumbi. Likimwagwa mferejini huganda. Na penye maji na umeme pamoja, waya uliochubuka unaua.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo barakoa na buti si vitu vya kukatwa mshahara. Mkataba namba 140 wa mwaka 1974 nao unahusu likizo ya masomo yenye malipo, nao viongozi wetu wengi hawaugusi kabisa wakikaa mezani na mwajiri. Jirani zetu wa Tanzania wana VETA, ambayo huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza ujuzi wao kazini au mtaani. Kibarua wetu aliyesaga sakafu za maghala matatu anastahili kupimwa vivyo hivyo.

Matawi yanayojiandaa kwa majadiliano yaandike madai haya kwa maneno ya wazi: kontrakta yeyote wa sakafu awafundishe wafanyakazi wa kiwanda, wakati wa kazi na kwa malipo, anayeshika mashine alipwe daraja la fundi tangu siku anapoishika, kusaga kukavu bila kinyonya vumbi kupigwe marufuku, na vifua vipimwe kabla ya kazi na baada yake, kwa gharama ya mwajiri. Mwakilishi wa tawi aende mwenyewe ghalani siku mashine inapowashwa, aangalie kama mpira wa maji umefungwa.