Kidahizo "Cut" na Tatizo la Kisawe cha Kwanza

Miongoni mwa vidahizo vinavyomtaabisha mtunzi wa kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, vile virefu vya kisayansi si vigumu kama vifupi vya kila siku. Neno cut ni mfano mzuri. Lina herufi tatu tu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakwambia bila kusita kuwa maana yake ni kata. Hoja yetu ni kwamba jibu hilo, ambalo kwa kawaida ndilo linalotangulia katika kamusi zetu, lina madhara kuliko inavyodhaniwa.

Yafaa kwanza kuitazama historia ya neno lenyewe. Katika Kiingereza cha Kale, kukata kulielezwa kwa vitenzi kadhaa, vikiwamo ceorfan, snithan na heawan. Cut huanza kuonekana katika maandishi kuelekea mwaka 1300, na asili yake haijathibitishwa. Hata hivyo, mgeni huyo aliwafukuza wenyeji. Ceorfan imebaki kuwa carve, yaani kuchonga, au kukata nyama mezani. Heawan ni hew, ya magogo na mawe. Snithan imetoweka katika lugha sanifu. Leo kitenzi kimoja hutumika kwa mkate, kucha, bei, filamu, karata, kipindi anachokikwepa mwanafunzi, na hata mtu tunayempita njiani kana kwamba hatumjui.

Kiswahili hakikuifuata njia hiyo. Majani hufyekwa, matawi hupogolewa, kuni huchanjwa, mbao hupasuliwa, mnazi hugemwa, mnyama huchinjwa, bei hupunguzwa. Kila kitenzi kimebeba ndani yake kitu kinachokatwa, na mara nyingi chombo na kusudi pia. Kata nayo imekwenda zake: tunakata tamaa, shauri, rufaa, kiu, tiketi na roho, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo Mwingereza angeitumia cut. Mahali zinapokutana ni pachache, tena pana mitego. Njia ya mkato inalingana vizuri na short cut. Lakini dereva anayekata kona anageuza gari tu, ilhali usemi wa Kiingereza unaofanana na huo kama pacha humsema mtu anayelipua kazi.

Mtego wa aina hii si wa kuchekesha daima. Katika zoezi moja la tafsiri tuliwapa wanafunzi fomu ya ridhaa ya mgonjwa, iliyoeleza kwa Kiingereza kwamba daktari angefanya a small cut mguuni. Zaidi ya mmoja aliandika kuwa mguu wa mgonjwa "utakatwa kidogo". Kwa Mswahili, kukatwa mguu ni kuupoteza. "Kidogo" haimpunguzii hofu mtu anayetakiwa kutia sahihi. Mwingine aliandika "utachanjwa", na msomaji angedhani ni chanjo ya ugonjwa. Kilichohitajika ni kusema kwamba ngozi ya mguu itapasuliwa sehemu ndogo. Wanafunzi hao hawakuwa wavivu. Kamusi walizifungua, wakachukua kisawe cha kwanza.

Madan alipochapisha kamusi yake ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1894, alikuwa akimhudumia hasa mgeni aliyetafuta neno la kusemea, na mgeni aliyesema kata popote alieleweka, hata kama alichekwa. Leo mtumiaji ni mfasiri, mkalimani wa mahakamani, mhariri wa habari. Kumpa huyu orodha ya visawe vilivyotenganishwa kwa mikato ni kumwachia kazi ambayo mwanaleksikografia alilipwa kuifanya.

Kwa mtazamo wetu, kidahizo cha namna hii kisipangwe kwa kunakili namba za maana kutoka kamusi za Waingereza, kwa kuwa namba hizo zinagawa Kiingereza, si Kiswahili. Kipangwe kwa kitu kinachokatwa: mwili, mti, chakula, kitambaa, gharama, mazungumzo, kisha chini ya kila kimoja kiwekwe kitenzi chetu pamoja na sentensi ya mfano. Itasemwa kwamba kamusi itanenepa. Ni kweli, lakini vidahizo vinavyostahili kutendewa hivi si vingi, na nafasi inaweza kupatikana kwa kupunguza istilahi za nadra ambazo kila taaluma ina kamusi yake. Kata yenyewe ibaki, ila mahali pake ni penye kamba, mkate na umeme.