Nyoka Si Paka: Anayemuuza Awe na Kibali

Wahenga walinena ya kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ndiyo sababu nikizungumza habari za watu wanaouziana nyoka wa sumu ili wawafuge majumbani kama paka, wenzangu hucheka na kusema, "Wacha waumwe, si wamejitakia?" Mpenzi msomaji, hata mimi ningecheka kama mwiba huo ungemchoma aliyeununua peke yake. Lakini hebu tutazame kwa makini ni nani hasa huumwa.

Kwanza, tusidhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Katika hili Bonde la Ufa letu, pande za Naivasha, Elmenteita na Nakuru, yuko nyoka mdogo wa sumu ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya. Wataalamu humwita Bitis worthingtoni. Wengi wao hawazidi sana urefu wa rula ya darasani, na juu ya kila jicho wana kipembe kimoja. Vipembe hivyo ndivyo vinavyowafanya watu wa mbali wamtamani. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, Kenya iliomba nyoka huyu aingizwe katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na ombi likakubaliwa. Tangu hapo hawezi kuuzwa nje ya nchi kihalali bila kibali.

Kama bado unaona ni hadithi, kumbuka yaliyotokea mwaka 2025. Vijana wawili wa Ubelgiji, wenye umri wa miaka 19, walikamatwa katika kaunti yetu ya Nakuru wakiwa na sisimizi wapatao 5,000 waliotiwa katika vichupa vidogo vyenye pamba. Mahakama iliwapa chaguo: faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Sasa ikiwa sisimizi wa kwetu ana mnunuzi ng'ambo, nyoka mwenye pembe atakosaje?

Mtu ataniuliza, "Sasa unalia nini na kibali kipo tayari?" Ni kweli kipo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza biashara ya wanyamapori bila kibali, na mkataba wa CITES nao ndio huo. Lakini tuangalie CITES inauliza nini. Inauliza: je, biashara hii itamaliza nyoka porini? Swali hilo ni zuri, wala silipingi. Ila kwa mnyama mwenye sumu, swali moja halitoshi. Kibali kiulize pia: je, nani ataumwa?

Wa kwanza kuumwa ni yule anayetumwa kumkamata. Tuseme mgeni amekuja na kuahidi shilingi elfu kadhaa. Yeye mwenyewe hataingiza mkono chini ya jiwe. Atakayeuingiza ni kijana kama mimi na wewe, amevaa ndala, ameshika kijiti. Wa pili ni yule anayembeba bila kujua. Mfuko ukifungwa vizuri na kusukumwa chini ya kiti cha matatu, makanga atajuaje kilichomo? Wa tatu ni mtoto au jirani wa yule aliyemnunua. Hawa wote hawakujichoma mwiba wowote. Walichomwa.

Wa nne ni daktari, si kwa kuumwa bali kwa kukosa la kufanya. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijifunze kupigana nayo, kisha sehemu ya damu hiyo husafishwa na kuwa dawa. Kazi hiyo huchukua muda na pesa nyingi, na dawa ya nyoka huyu haisaidii sumu ya kila nyoka mwingine. Kwa huyu wetu mwenye pembe, hakuna dawa iliyotengenezwa mahsusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliweka tatizo hili katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa. Wengi wa wanaoumwa ni wakulima na wafugaji na watoto wao. Ikiwa dawa haiwatoshi hawa wanaokutana na nyoka bila kupenda, je, ni haki kuongeza wengine kwa ajili ya starehe?

Wengine husema basi biashara hii ipigwe marufuku kabisa. Mimi sikubaliani nao. Jonathan Leakey, aliyefariki mwaka 2021, alifuga nyoka karibu na Ziwa Baringo na kuuza sumu yao. Bila watu wa kukamua sumu, hiyo dawa ya farasi ingetoka wapi? Kwa hivyo tatizo si kuuza. Tatizo ni kuuza ovyo ovyo kama nyanya sokoni.

Waingereza walipitisha sheria mwaka 1976 ya wanyama wakali. Anayetaka kufuga swila au nyoka wengine wa hatari huko lazima apate leseni ya baraza la mji wake, daktari wa mifugo akague mahali atakapomweka, na awe na bima ya kulipa watakaodhuriwa. Sisi pia tungeweza kudai hivyo. Tena ningeongeza jambo moja: orodha ya wenye vibali na aina ya nyoka walio nao ipelekwe kwa hospitali iliyo karibu, ili mtu akifikishwa pale usiku, muuguzi asianze kubahatisha.

Najua walanguzi hawatapanga foleni kuomba kibali, na kwamba kibali chenyewe kinaweza kununuliwa kwa chai. Hata hivyo, wale sisimizi 5,000 hawakuokolewa na ukuta wala bunduki. Waliokuwa nao walishtakiwa kwa sababu hawakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Kwa hivyo, wenzangu mnaotembea kwenda nyumbani kila jioni, mtu akikusimamisha njiani na kukuahidi pesa umletee nyoka, usibishane naye. Mwambie tu, "Nionyeshe kibali." Akianza kujikuna kichwa, shika njia yako uende.