Chombo Hakinunuliwi Maji Yakijaa

Kosa la wanunuzi wa vyombo vikuukuu katika pwani ya Bagamoyo haliko katika bei. Liko katika saa. Mnunuzi hufika ufukweni maji yamejaa. Huonyeshwa mashua inayoelea, imepakwa rangi mpya ubavuni, imeandikwa jina zuri tezini. Mashine huwashwa mara mbili, ikaitika mara mbili. Dalali hula kiapo, fedha zikahesabiwa, mikono ikapeanwa. Saa sita baadaye maji yamekupwa, chombo kimelala ubavu juu ya tope, na kila kilichositiriwa na maji ki wazi: mkuku ulioliwa, ubao uliozibwa kwa kipande cha bati, kalafati iliyochomoza kama nyuzi za kanzu kuukuu. Lakini mnunuzi keshakwenda zake mjini, na mabaharia watakaokwenda na chombo hicho hawakuwapo kwenye mapatano.

Yasemwa mengi juu ya chombo kifaacho kuvulia majini haba na kilindini pia. Karibu yote huanzia juu: urefu wa chombo, nguvu ya mashine, sifa za kiwanda. Huko ni kuusoma waraka kuanzia muhuri. Chombo husomwa kutoka chini, na pwani hii imejaliwa msomeshaji wa bure ajaye mara mbili kwa siku, naye ni maji kupwa. Anunuaye maji yakijaa amemfukuza mwalimu kabla ya somo.

Kwanza itazamwe pwani yenyewe. Kutoka Kunduchi na Mbweni, kupita Mlingotini na Kaole, hata Bagamoyo mjini na kuendelea Winde na Saadani, bahari ni ya kina kifupi. Mito ya Ruvu na Wami humwaga tope lake humu, mikoko ikalishika, mafungu yakazaliwa na kuhama. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na bahari hurudi nyuma hata mtu akatembea kwa miguu pale ilipoelea mashua asubuhi. Kaole, uliokuwa mji wa bahari karne nyingi zilizopita, leo magofu yake yametengwa na maji kwa msitu wa mikoko. Wajerumani nao walipohamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, bandari ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa: meli zao hazikuweza kuukaribia ufuko ambao majahazi yaliukalia kitako bila shida.

Na nje ya mafungu hayo ipo bahari nyingine. Mkondo wa Unguja una kina cha makumi ya mita, na ukielekea kaskazini, mkondo wa Pemba hushuka ghafula hadi mamia ya mita. Huko wako nguru, jodari na sulisuli. Ndani, midomoni mwa mito, wako kamba. Kwenye nyasi na miamba ya karibu wako changu na tasi. Mvuvi wa Bagamoyo hawezi kuyaacha maji yoyote kati ya hayo mawili, kwa kuwa samaki wana misimu na tumbo halina. Ndiyo maana hutafuta chombo kimoja cha kazi mbili, na kwa kuwa kipya hakigusiki kwa bei, hutafuta kilichokwisha kutumika.

Hapa ndipo dalali apatapo mlango. Husema: boti hii ni ya kila mahali. Hakuna chombo cha kila mahali. Maji haba hutaka kitako kipana, mkuku mfupi, na uzito mdogo, chombo kiweze kusukumwa na watu wanne na kulala wima pakikauka. Kilindi hutaka omo lililoinuka, ubavu mrefu wa kuzuia mawimbi, na mkuku wa kushika maji ili upepo usikisukume pembeni. Kila kinachoongezwa kwa ajili ya huku hupunguza cha kule. Wahenga walikwisha kusema kila chombo kwa wimbile, nao hawakusema chombo kimoja kwa mawimbi yote.

Basi ichaguliwe nini? Jibu la watu wengi ni kwamba kilindi ndicho chenye hatari kubwa, kwa hiyo chombo kichaguliwe kwa ajili ya kilindi, na maji haba yatajijua. Jibu hilo lina sura ya busara, lakini limepotoka. Kilindi kina msimu. Kusi likikaza, nahodha aweza kukaa pwani, akangoja matlai, au akavua ndani ya miamba hadi bahari itulie. Ardhi haina msimu. Chombo kitaigusa kila siku ya mwaka, kwa kutaka na kwa kutotaka, kikiwa kitupu na kikiwa na shehena, tena mara nyingi kitaigusa wakati wa kurudi, jua limekuchwa, upepo umegeuka na watu wamechoka. Chombo chenye mkuku mrefu kilichosifiwa mkondoni hukwama juu ya fungu nusu maili kutoka nyumbani, na mawimbi yale yale kilichoyashinda nje hukipigiza chini mpaka mbao zikaachana. Kwa hiyo chombo cha kazi mbili kichaguliwe kwanza kwa ajili ya ardhi, kisha kipewe ubavu wa kutosha na omo la kutosha kwa siku njema za nje. Siku mbaya za nje si zake, na nahodha asione haya kusema hivyo.

Ngalawa huufuata mkondo huo wa mawazo tangu zamani: gogo la mwembe lililochongwa, mirengu miwili, tanga moja, nayo huelea penye maji ya magotini. Ila haina nafasi ya nyavu nyingi wala barafu, na ubavu wake uko karibu mno na maji. Jahazi ni la shehena. Katikati imesimama mashua ya wastani, yenye tezi bapa liwezalo kubeba mashine ndogo, na mlingoti usioondolewa kwa sababu tu mashine imefika. Anayeung'oa mlingoti ili apate nafasi ya pipa la petroli ameuza njia yake ya kurudi. Petroli huisha, na mashine huzimika. Katika maji haba hunyonya mchanga pamoja na maji ya kujipoza, na mchanga huula uhai wake polepole. Tena mashine kubwa hukilemea chombo tezini, rafadha ikashuka chini zaidi, na chombo kilichonunuliwa kwa sababu ya wepesi wake kikageuka kuwa cha maji marefu.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya kale, kwamba zama hizi ni za boti za faiba. Nao wasikilizwe, kwa kuwa wana hoja. Faiba haili kalafati, haitobolewi na mdudu, wala haikati mvule na mninga ambao misitu haina tena wa kutosha. Lakini sentensi yao ya mwisho, kwamba faiba haifi, ndiyo iliyowatia watu hasarani. Faiba iliyoburuzwa mchangani kila siku hulika chini hadi nyuzi zikaonekana, na maji yakaingia kati ya tabaka zake. Tezi lake mara nyingi lina ubao ndani. Ubao huo ukioza, nje hubaki kung'aa huku mashine ikining'inia juu ya unga. Tofauti iliyopo ni kwamba mbao huugua hadharani na faiba huugua kwa siri. Mwenye kununua faiba kuukuu hahitaji uangalifu mdogo kuliko mwenye kununua mbao. Ahitaji mkubwa zaidi.

Na uangalifu huo hauna uchawi. Mnunuzi aje siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, pamoja na fundi asiyekuwa rafiki wa muuzaji na nahodha atakayekishika chombo. Wainame omoni waangalie mkuku hadi tezini. Ukiwa umepinda, chombo kimelala vibaya miaka mingi, na hakuna rangi itakayounyoosha. Ncha ya kisu isukumwe kwenye mbao za chini na maungio yake. Ubao mzima hukataa, uliooza hukaribisha. Vitundu vidogo kama vya sindano visidharauliwe, maana mdudu wa mbao huingia kwa mlango mwembamba kisha akachimba handaki ndani. Mataruma yatazamwe penye misumari, kama weusi wa kutu umeenea na kama kuni zimepasuka. Pembe za omo na tezi zinazokusanya maji ya mvua zichunguzwe kuliko pengine, kwa kuwa maji ya mvua huozesha mbao haraka kuliko maji ya chumvi. Ikiwa ni faiba, igongwe kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua: palipo pazima hulia kwa ukali, palipoachana hujibu kwa sauti ya boga. Mashine ikamatwe na kutikiswa, huku jicho likiwa tezini.

Kisha chombo kiachwe kielee usiku kucha bila mtu wa kuteka maji, na asubuhi ngama ifunuliwe. Ngama iliyokauka kwa kufutwa muda mfupi kabla ya mnunuzi kufika haisemi lolote. Mwisho zitazamwe karatasi: usajili wa chombo, leseni ya uvuvi itolewayo kwa mwaka chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, na jina la muuzaji kama ndilo lililoandikwa humo. Muuzaji akikataa hata moja kati ya haya, amekwisha kujibu.

Kwa nini basi mambo mepesi kama haya hayafanywi? Sababu ya kwanza ni kwamba anayenunua siye anayesafiri. Mwenye chombo yuko mjini. Mgao wa mapato humtengea fungu la chombo naye akalipokea akiwa nchi kavu. Akinunua vibaya, yeye hupoteza fedha. Baharia hupoteza zaidi ya hizo, naye hakuulizwa. Ajali ikitokea, watu hukaa matangani wakasema chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo ina mahali pake mbele ya kudura ya Mungu, lakini isitumiwe kuwa kanzu ya kumfunika mtu aliyenunua mkuku mbovu kwa kuwa alichelewa kuamka maji yakipwa. Chombo kingi cha kuzama kilikuwa na usukani. Kilichokosekana ni jicho.

Sababu ya pili yawahusu wapenzi wa ushairi, nao wasikwepe. Pwani imejaa tungo za kusifu tanga, upepo na nahodha. Waandishi wake wangapi waweza kuonyesha taruma? Lugha ya Kiswahili ilikiita kila kiungo cha chombo kwa jina lake: mkuku, fashini, foromali, demani, ngama, deheni. Majina hayo hayakuwekwa kwa ajili ya vina. Yaliwekwa ili mtu aweze kuuliza. Asiyelijua neno ngama hawezi kuomba ifunuliwe. Asiyejua taruma hawezi kuuliza limepasuka lini. Neno likipotea, swali hupotea nalo, na penye swali lililopotea dalali hujenga nyumba. Lugha ina hata onyo lake la kejeli: sifa ni maneno matamu, na sifa ni mafuta ya papa yapakwayo kwenye mbao zisioze. Chombo hakijapata kudumu kwa sifa ya kwanza. Kidumuacho hudumu kwa ile ya pili, yenye harufu mbaya, ipakwayo na mtu aliyepiga magoti topeni.

Katika miaka ya 2020 Serikali imekuwa ikikopesha boti za faiba kwa wavuvi na vyama vyao. Nia ni njema, na isitukanwe. Ila mkopo usiouliza chombo kitalala juu ya nini maji yakipwa ni dalali mwenye riba nafuu. Boti ifaayo ukingo wa kilindi si lazima iufae mdomo wa Ruvu, na miaka michache baadaye boti hizo hizo zitakuwa vyombo vikuukuu, zikipakwa rangi na kungojea wanunuzi wa maji yaliyojaa. Bagamoyo ina bahati ya kuwa na Mbegani, chuo cha uvuvi kilicho ufukweni pake penyewe. Hapo ndipo maarifa ya fundi wa mbao na ya fundi wa faiba yangepaswa kukaa meza moja, na mabaharia wakaalikwa wasiwe wageni.

Wakati wenyewe haujapita. Kila siku, mara mbili, bahari ya Bagamoyo hujiondoa na kuacha vyombo vyote vimelala uchi, vizuri kwa vibovu, vya mbao kwa vya faiba, bila kumpendelea mwenye mali. Anayetaka kununua na aje saa hiyo, avue viatu, ainame. Na kama muuzaji atamwambia asubiri maji yajae ndipo akione vizuri, ashukuru na aende zake.