Utafiti wa Tiba Kazi Si Anasa

Mwandishi mmoja amedai kuwa kugharimia utafiti wa tiba kazi Mombasa ni kutupa pesa: mbinu zilishathibitishwa ng'ambo, tuajiri wataalamu tu. Kuajiri, naam. Hayo mengine nayapinga.

Mchukue bibi wa Mji wa Kale aliyepooza mkono wa kushoto kwa kiharusi. Mbinu mojawapo yenye ushahidi mzito, uliochapishwa Marekani mwaka 2006, humvisha mgonjwa glavu mkono mzima kutwa nzima, kwa wiki mbili, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Basi bibi huyu atie mkono wa kushoto kwenye sinia, mbele ya wageni? Na glavu huvuliwa penye maji: anayetawadha mara tano kwa siku aivue mara ngapi kabla tiba haijapungua nguvu? Hata kipimo cha Barthel cha mwaka 1965 humuuliza kuhusu kuvaa na kupanda ngazi. Hakimuulizi kama aweza kukaa juu ya mbuzi akakuna nazi.

Majibu hayo hayaagizwi kwa meli. Hupatikana kwa kupima, kurekebisha, na kupima tena na wagonjwa wetu.

Sheria ya mwaka 2017 ya wataalamu wa tiba kazi inasimamia mafunzo, usajili na leseni zao. Leseni peke yake haionyeshi kama tiba imefaa. Hospitali ya rufaa iko hapa kisiwani: wataalamu wake watengewe muda na fedha za kuchunguza kazi yao wenyewe. Kumtibu mgonjwa kwa kubahatisha ndiko kutupa pesa.