Ukikimbia Kariakoo Uitwe Mwanariadha, Si Mwizi!

NDUGU msomaji, kijana mwenzangu wa mjini, tuanze na swali dogo. Kijana akitimua mbio Mtaa wa Kongo saa kumi jioni, watu wanamwitaje? Jibu unalijua. Kabla hajafika Msimbazi atakuwa ameshaitwa mwizi, na asipojaliwa ataangukia mikononi mwa wale ambao magazeti yetu huwaita wananchi wenye hasira kali.

Sasa mchukue kijana huyohuyo, miguu ileile, jasho lilelile, umbandike namba kifuani Jumapili alfajiri. Barabara inafungwa kwa heshima yake! Trafiki anamsimamishia magari ya wakubwa. Anapewa maji njiani, na mwisho anavishwa medali. Tofauti iko wapi? Iko kwenye kipande cha karatasi chenye namba, na karatasi hiyo inauzwa.

Hapo ndipo penye hoja ya leo. Mbio ndefu zimekuwa sherehe kubwa jijini Dar es Salaam, nasi hatuna kinyongo nazo. Fedha za baadhi ya mbio hizo zimelipia matibabu ya moyo ya watoto wasio na uwezo, na hilo ni jema. Lakini tazama zinakoanzia. Mbio kadhaa kubwa za jiji zimeanzia Viwanja vya Farasi, Oysterbay, kwenye upepo wa bahari na miti ya kivuli. Kijana wa Gerezani au Jangwani huziona kwenye televisheni ya kinyozi. Ada ya kujiandikisha, ukijumlisha na viatu, inameza mauzo ya siku kadhaa za machinga.

Utasema, "Bwana wee, mimi nakimbizana na mgambo kila siku, marathoni ya nini tena?" Ni kweli. Mwezi Oktoba 2021 machinga waliondolewa kwenye barabara na njia za waenda kwa miguu, na wengi walijifunza mbio bila kocha. Lakini mbio za kumkimbia mtu si mbio zako. Kijana anayekimbia kwa hiari yake, kwa mwendo aliouchagua mwenyewe, yuko huru kwa saa ile. Hakuna anayemuuliza kitambulisho wala risiti.

Na usidanganywe kwamba haya ni mambo ya Wazungu na walioshiba. Mwaka 1968 kule Mexico City, John Stephen Akhwari wetu alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki. Aliingia uwanjani akichechemea, amefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Akamaliza! Mwaka 1989 Juma Ikangaa alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha huko Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, yaani 0.03. Hata kupepesa jicho kunachukua muda zaidi ya huo.

Lakini jiulize: Ikangaa alilelewa na nani? Jeshi. Simbu je? Ni mwanajeshi vilevile. Jeshi linastahili pongezi. Ila kijana asiye na kombati, anayelala chumba kimoja na wenzake watatu, ngazi yake iko wapi? Nani amewahi kuja Kariakoo na saa mkononi kupima miguu ya wabeba mizigo?

Wakati tukisubiri majibu, tusikae kijiweni tukipiga soga. Vilabu vya jogingi vimejaa Temeke na Ilala, vijana wanakimbia kundi zima wakiimba alfajiri. Jiunge. Kundi linakupa pumzi, na kundi haliitwi mwizi.

Ila ufanye kwa akili. Marathoni ni kilometa 42 na mita 195, si safari ya kwenda kununua vocha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Anza na kilometa tano, kisha kumi, kisha 21, na jipe miezi, si wiki. Kimbia siku tatu au nne kwa juma, siku moja iwe ya masafa marefu, ongeza kidogo kidogo. Ukiweza kuongea na mwenzako huku unakimbia, mwendo wako ni sahihi. Ukihema kama pampu ya baiskeli, punguza. Joto la Dar halina mzaha, kwa hiyo uwe barabarani kabla jua halijachomoza, na maji uyanywe kidogo kidogo. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama. Medali haimfai marehemu.

Sasa tugeuke upande wa pili. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo hadi mwaka 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala, ndiyo yenye Kariakoo. Tunaidai mambo matatu tu. Kwanza, kila mbio zinazofungiwa barabara za umma zitenge nafasi za bure kwa vijana wa kata zetu, kwa sababu barabara ile ni kodi yetu. Pili, siku moja kwa mwaka njia ipite Msimbazi, Uhuru na Mnazi Mmoja, mama ntilie na wapiga debe washangilie watoto wao. Tatu, viwanja vya wazi vilivyobaki viachwe wazi. Kiwanja kikishageuzwa ghorofa au maegesho ya magari, mtoto atakimbilia wapi kama si barabarani?

Madai haya hayahitaji mkopo wa nje wala semina elekezi. Yanahitaji mtu mwenye ofisi akubali kwamba kijana wa Kariakoo naye ni mwenye mji.

Nawe kijana, usingoje hisani. Jumapili hii saa kumi na moja alfajiri funga kamba za viatu, hata kama ni vya mtumba. Mitaa itakuwa mitupu, maduka yamefungwa, mgambo wamelala. Kimbia! Safari hii hakuna anayekufukuza.