Maoni: Nani anapuliza saksofoni? Tuandike majina yao

Pita jioni kwenye baa za Kasuku hapa Kindu, pale wanapopiga rumba ya zamani. Kila mtu mezani atakuambia ni nani anayeimba. Sasa uliza ni nani anayepuliza saksofoni. Wengi watacheka. Mzee mmoja, akijitahidi sana, atasema: "Labda ni Verckys."

Hiyo "labda" ndiyo inayonisumbua.

Verckys, jina lake halisi Georges Kiamuangana Mateta, alizaliwa Kisantu tarehe 19 Mei 1944. Hata jina lake la kisanii lilitoka kwa msindikizaji mwenzake wa mbali. Kijana huyo alimpenda King Curtis, mpiga saksofoni wa soul na jazz kutoka Texas, lakini "Curtis" alilisikia vibaya likawa "Verckys". Likabaki hivyo.

Na huyo Curtis mwenyewe ni nani? Watu wengi wamemsikia bila kujua. Saksofoni inayorukaruka katika "Yakety Yak" ya The Coasters, mwaka 1958, ni yake. Katika "Respect" ya Aretha Franklin, mwaka 1967, yule anayeingia katikati ya wimbo na saksofoni ni yeye. Baadaye aliongoza bendi iliyompigia Aretha jukwaani. Aliuawa kwa kuchomwa kisu New York mwezi Agosti 1971, akiwa na umri wa miaka 37. Dunia nzima inaimba "Respect", lakini jina la Curtis linabaki kwa wachache wanaosoma maandishi madogo nyuma ya sahani.

Verckys aliingia OK Jazz ya Franco mwaka 1963. Humo alimkuta Isaac Musekiwa, mpiga saksofoni aliyetoka Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, ambaye alimtumikia Franco miaka mingi. Musekiwa alipuliza kwa utulivu, Verckys alipuliza kwa moto. Lakini sahani zilitoka kwa jina la Franco na OK Jazz, na hivyo ndivyo tunavyozikumbuka.

Verckys hakukubali kuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Franco akiwa Ulaya, alirekodi nyimbo zake kichinichini pamoja na baadhi ya wanamuziki wa bendi. Franco aliporudi, mambo yakaharibika. Mwaka 1969 Verckys akaanzisha Orchestre Vévé, kisha akawa mtayarishaji: Bella Bella, Lipua Lipua na Empire Bakuba zote zilipitia mikononi mwake. Mwaka 1978 akafungua jengo lake, Vévé Centre, mjini Kinshasa. Kwa msindikizaji wa zamani, hayo si madogo.

Lakini tusimfanye mtakatifu. Mwaka 1972 waimbaji wake watatu, wale waliojulikana baadaye kama Trio Madjesi, walimkimbia na kuunda Sosoliso, kama yeye alivyomkimbia Franco. Bella Bella nao waliondoka. Aliyejua uchungu wa kupiga chini ya jina la mwingine alikuwa sasa ndiye mwenye jina. Alifariki Oktoba 2022.

Kindu inahusika pia. Remmy Ongala, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga katika Orchestra Makassy, bendi ya mtu mwingine. Super Matimila ndiyo iliyolitangaza jina lake. Kama angebaki Makassy, sijui ni wangapi hapa mjini wangemtaja leo kwa fahari.

Wapo wanaoniambia: mwanamuziki asiyeridhika aunde bendi yake. Sikubali. Si kila mpiga saksofoni ana tabia au fedha za Verckys, na bendi ya viongozi watupu haiwezi kupiga hata wimbo mmoja. Musekiwa hakuwa na kosa lolote kwa kubaki.

Sheria haimkatai msindikizaji. Ile ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi, na inamlinda pia anayeimba na anayepiga. SOCODA, shirika la haki za watunzi lililoundwa mwaka 2011, limebeba haki za wapigaji hata katika jina lake kamili. Lakini mpigaji atadai nini ikiwa hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alikuwepo studioni siku ile?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na halihitaji waziri. Kila studio ya Kindu, hata ile ya chumba kimoja na kompyuta moja, iweke daftari mlangoni: tarehe, jina la wimbo, jina la kila aliyepiga na chombo alichopiga, na sahihi yake. Redio zetu zidai orodha hiyo kabla ya kupokea wimbo. Na mtangazaji, baada ya kumtaja mwimbaji, aongeze sekunde tano: "Kwenye saksofoni ni fulani, wa Alunguli."