STAA, HIYO SIYO CHAI, HAYO NI MAJI YENYE RANGI!

Kuna mwanadada mmoja wa Bongo Movi, jina kubwa tu mjini, katupia klipu akiwafundisha mashabiki "chai ya kistaarabu". Maziwa baridi yametangulia kwenye kikombe cha bei mbaya, maji ya uvuguvugu yakafuata, kisha kifuko cha majani chenye uzi kikachovywa mara mbili, kikatolewa. Haikutosha. Akamalizia kwa kusema chai ya mama ntilie ni "uchafu wa kwenye sufuria". Wapambe wakamjazia makopakopa.

Ukweli usemwe: mshamba hapo siyo mama ntilie.

Majani ya chai ya Bongo yanatoka Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara. Mengi hukatwa na kuviringishwa kuwa punje ndogo, ndiyo maana hukolea haraka. Lakini yanataka maji yanayotokota. Ukitanguliza maziwa baridi, joto linashuka, majani hayaachii ladha, unabaki na rangi ya kupigia picha.

Sasa mtazame huyo mama anayedharauliwa. Alfajiri jiko la mkaa limeshakolea. Anaponda tangawizi, anaitia kwenye maji pamoja na iliki na mdalasini, vinachemka kwanza. Ndipo maziwa yanaingia. Mpangilio huo siyo wa kubahatisha, maana tangawizi mbichi inakata maziwa, na moto ndio unaoondoa nguvu hiyo. Yeye haiti kemia, anaita mtaji: maziwa yakikatika, hasara ni yake. Majani yanafuata, moto unapunguzwa, dakika 3 hadi 5, anachuja. Chupa inasuuzwa kwa maji ya moto kabla ya kujazwa ili chai isipoe mapema. Majani hayabaki ndani, kwa sababu yakikaa sana chai inakuwa chungu. Sukari pembeni, mteja ajipimie mwenyewe.

Huo ndio ustaarabu. Ule mwingine ni kiki.

Wapambe watasema kila mtu na ladha yake, na mjini watu hawana muda. Sawa, kifuko siyo dhambi. Ila mimina maji yanayotokota, funika kikombe, subiri dakika 3 au 4, toa kifuko, ndipo uweke maziwa. Muda huo ni mfupi kuliko ule wa kupanga taa za kurekodia klipu.

Na hili siyo suala la ladha peke yake. Staa mwenye wafuasi lukuki akiita chai ya mtaani uchafu, kuna binti wa chuo ataona noma kukaa kwenye lile benchi. Benchi hilo linalipa kodi ya chumba na ada za watoto. Yeye anavuna wafuasi, mama anapoteza wateja. Tena wangapi kati ya hao mastaa, kabla ya jina kukua, walivushwa na chai hiyohiyo kwa mkopo, vitumbua viwili juu?

Dada arudi na klipu nyingine, safari hii akiwa amekaa kwenye benchi. Aombe radhi, anywe chai ya moto, na alipe.

Haya wadau, hapo mchafu ni nani: sufuria au mdomo?